Nyamizi, Sikukuacha Umalize Kusema

Gongoni, Tabora
Jumamosi jioni

Nyamizi mwanangu,

Barua hii nimeikunja ndani ya kanga ya mama yako, ile ya buluu uliyoomba kuibeba, kwa sababu najua ndiyo utakayoitoa kwanza ukitaka kujifunika. Nakuomba usiisome hapa nyumbani. Kama umeiona mapema, irudishe ilipokuwa, ngoja mpaka treni ipite Kigwa. Ukiisoma hapa utakuja kuniuliza, nami nitaanza kukujibu kabla hujamaliza kuuliza, na tutakuwa tumerudi palepale.

Sasa hivi uko kanisani unaagana na wanakwaya wenzako. Wameniambia watakurudisha baada ya chakula, maana wamekupikia. Mabegi yako yako ukumbini, yameegemezwa ukutani, na nimeshayapita mara nyingi nikijifanya natafuta miwani. Mambo ya kula, ya kulala, ya nani umfungulie mlango na nani usimfungulie, shangazi yako ameshayasema yote, na mengine ameyarudia kana kwamba sisi wengine ni viziwi. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Jumatano, nikashindwa, na wewe unajua mimi si mtu wa kushindwa kusema.

Jumapili iliyopita tulipokuwa mezani ulisogeza sahani pembeni ukasema, "Baba, kuhusu chuo, nimefikiria sana. Naona nichukue..." Ukanyamaza kidogo, kama unavyonyamaza siku zote ukiwa unatafuta neno lako. Mimi nikarukia. Nikasema, "Utabibu. Safi kabisa, mwanangu." Ukaniangalia. Halafu ukasema, "Ndiyo, Baba," ukakusanya vyombo ukaenda kuviosha.

Vyuo viwili vimekukubali, na wiki ijayo ukiwa Dar kwa mama yako mdogo unatakiwa uthibitishe kimoja. Cha kwanza ni cha kukufanya tabibu wa meno kama mimi: kiti, wagonjwa, sindano ya ganzi, koleo. Ukimaliza hicho unarudi Tabora, unaingia kwenye chumba changu cha kliniki hapa Gongoni, na mimi nakuachia kidogo kidogo mpaka siku nitakayokuja kukaa tu mlangoni kama mlinzi. Cha pili ni cha maabara, cha kutengeneza meno bandia: nta ya kuundia, plasta ya kalibu. Ukimaliza hicho hurudi. Simjui mtu hapa kwetu mwenye maabara ya kukuajiri, na mimi siwezi kukufungulia. Kazi hiyo iko Mwanza, iko Dar, na utakaa huko huko. Hilo tulilijua wote wawili tulipoketi mezani Jumapili.

Nikamwambia shangazi yako usiku uleule. Kesho yake nikawaambia wagonjwa. Nikamwambia yule anayechora mabango pale barabarani aje apime ubao, aongeze maneno "na Binti". Nadhani nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote tangu mama yako alipofariki.

Jumatano akanipigia Mama Suzana wa Mwanza, yule fundi wa meno bandia uliyekaa kwake wiki nzima. Alikuwa ananiuliza kuhusu kazi ya mgonjwa mmoja, na alipotaka kukata simu akasema, "Hongera, Baba Nyamizi. Binti kanieleza anakuja kwenye kazi yetu ya nta na plasta." Nikamuuliza ulimwambia lini. Akasema ni siku nyingi, kabla hata ya ile Jumapili. Nikasema mtandao unakata, na mtandao ulikuwa safi kabisa.

Sasa sikiliza. Nitakueleza mambo ambayo mengine umeyasikia nusu na mengine hujayasikia.

Unajua watu wa mjini hapa wanavyonisema. Tabibu Mihayo ana mkono mwepesi. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hujaogopa vizuri jino liko kwenye sahani. Nimeivaa sifa hiyo miaka yote, na ukiniuliza nitakuambia nimeipata kwa bidii. Nilivyoipata ni hivi.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nimepangiwa kituo kimoja upande wa Kaliua. Siku za kawaida wagonjwa walikuwa wachache, unaweza kusoma gazeti mpaka ukasoma na matangazo ya vifo. Siku ya mnada walijaa. Walitoka vijiji vya mbali, wengine wamekuja na treni ya Mpanda, jino limewasumbua wiki nzima lakini wamevumilia ili wauze kuku wao na kung'oa jino kwa safari moja. Jua likianza kupinda wanataka kuondoka. Kwa hiyo nikabuni utaratibu wangu. Niliwapanga kwenye benchi nje ya chumba, nikapita nikiwachoma ganzi mmoja baada ya mwingine, na nikimaliza wa mwisho, yule wa kwanza mdomo umeshakufa ganzi. Naingia ndani, naita, nang'oa kwa kufuata walivyoketi. Sikuuliza majina. Benchi ndilo lililonikumbusha nani amechomwa na nani anafuata.

Siku moja akaja mzee mmoja amechelewa, kofia mkononi, shavu limevimba. Mimi nilikuwa ndani naandaa koleo. Watu wetu unawajua. Mzee akifika, aliyeketi anasimama. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, na dada mmoja aliyekuwa wa kwanza akampisha pale mwanzoni penye kivuli. Dada akasogea, aliyemfuata akasogea, benchi zima likasogea, na wa mwisho akakaa chini. Hakuna aliyeona ametenda kosa. Kwao kosa lingekuwa kumwacha mzee amesimama. Nami nilipoita wa kwanza, akaingia mzee.

Nikamwamkia huku nashika taa. Nikamwambia afungue mdomo anionyeshe linalomuuma. Akanionyesha gego la chini, limeoza upande mmoja. Nikalishika.

Jino lile lilikuwa na mizizi iliyojikunja, halikutoka kwa urahisi. Mzee hakupiga kelele. Alishika mikono ya kiti, machozi yakamtoka yakateremka mpaka kwenye masikio, nami nikadhani ni woga, maana machozi ya woga nilikuwa nimeyazoea. Nikamwambia pole mzee, tunamaliza. Nikamaliza. Nikampa pamba aiume, nikaita anayefuata. Akaingia yule dada, mate yanamchuruzika upande mmoja kwa sababu ya ganzi, akaniambia kwa shida kwamba yule mzee hakuchomwa sindano.

Nilimkuta nje ameketi kwenye ngazi. Nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza kwa nini hakuniambia anaumia. Akatoa pamba mdomoni, akaifunika kwa kiganja ili nisione damu, akasema, "Mwanangu, nilidhani ndivyo mnavyofanya."

Hakunishtaki popote. Alirudi kwao akawaambia watu kwamba amempata daktari asiyepoteza muda wa mtu, na mnada uliofuata watu wa kijiji chake wakaja wengi, wakaniambia wametumwa na mzee. Sifa yangu ilianzia hapo, Nyamizi. Niliacha kufuata benchi, nikaanza kumpa kila mgonjwa namba niliyoiandika kwenye kipande cha boksi. Nilirekebisha utaratibu, lakini mimi mwenyewe sikurekebishika. Niliendelea na kasi ileile, na niliipenda.

Usinielewe vibaya. Kasi si dhambi. Mtu anayeumwa jino hataki tabibu wa kutafakari. Anataka mtu atakayeangalia, aamue, amalize, na kazi ile ilinifaa kwa sababu mimi nimeumbwa hivyo. Bibi yangu alikuwa akinicheka kwamba nimemrithi babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi kwenye misafara ya zamani ya kwenda pwani. Alisema yule mzee alikuwa na miguu isiyojua kusubiri. Kila siku alifika kambini kabla ya wenzake wote, anatua mzigo wake, anakaa. Halafu anakaa na njaa mpaka jioni, kwa sababu sufuria na unga vilikuwa vichwani mwa watu wa nyuma. Bibi akifika hapo alicheka mpaka anakohoa. Mimi pia nilicheka. Siku hizi nikirudi nyumbani nikifungua mlango namkumbuka yule mpagazi, amekaa peke yake na mzigo wake, na sicheki sana.

Mama yako naye alikuwa mtu wa taratibu. Wewe umemrithi kila kitu, hata namna ya kuinamisha kichwa. Alikuwa akianza kusema jambo, anasimama katikati, anaangalia pembeni, anarudi. Mimi nilikuwa namalizia. Akisema, "Baba Nyamizi, kesho nilikuwa naona tu...", mimi nasema twende sokoni, sawa. Mara nyingi nilipatia. Nilijisifu kwa watu kwamba mke wangu hahitaji hata kuongea, najua anachotaka. Naye alikuwa akitabasamu. Nilidhani ni tabasamu la mtu anayependwa, na huenda lilikuwa hilo, sitaki kumdhulumu. Lakini sasa nyumba ikiwa kimya huwa nahesabu ni mambo mangapi aliyoanza kusema yakaishia kwangu.

Zile siku zake za mwisho wewe ulikuwa shule ya bweni, ulikuja mwishoni kabisa. Mchana mmoja alifumbua macho akaniita. Akasema, "Baba Nyamizi, nataka..." Akatulia. Mimi nikasema maji. Nikatoka mbio, nikaleta maji, nikamwinua kichwa, akanywa. Akanishika mkono. Nikangoja kama angesema kingine, hakusema, akalala.

Huenda alitaka maji kweli. Aliyanywa. Lakini mwanangu, sijui. Miaka hii yote sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nikiwa nang'oa meno ya watu huwa sifikirii, mikono inajua kazi yake. Nikifunga kliniki ndipo linanijia, naanza kujaribu kuimalizia ile sentensi kwa namna nyingine. Nataka Nyamizi aje. Nataka kukaa nje. Nataka usiondoke hapa. Zote zinawezekana. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata shangazi yako.

Sasa nije kwako.

Tangu ulipomaliza kidato cha sita umekaa nami pale kliniki, unapokea watu, unaandika majina, unachemsha vifaa. Nilikuwa nakuangalia kuliko ulivyodhani. Siku za wagonjwa wachache ulikuwa sawa. Benchi likijaa, ulibadilika. Ulianza kuomba radhi kwa kila mtu, hata kwa watu ambao hujawakosea. Mchana chakula kilipoa mbele yako. Ukitoka pale jioni ulikuwa hutaki kusikia sauti ya mtu, unaingia jikoni, unachambua mchele punje kwa punje, nasi tunakula wakati majirani wameshalala. Nilikupigia kelele kwa ajili ya mchele ule. Sikuona kwamba ulikuwa unajitibu.

Unamkumbuka yule bibi wa Kigwa aliyekuja na meno yake bandia kwenye kitambaa? Alisema yanamchubua, hawezi kula, ameyafungia kabatini na anaona aibu kucheka. Mimi nilimwangalia fizi, nikamwambia hayo ni ya kurudisha kwa aliyeyatengeneza, nikaita anayefuata. Wewe ulimpeleka kwenye lile dirisha la pembeni. Ukamwomba aseme maneno, ayasogeze, aume kipande cha mkate, akuonyeshe kwa kidole panapochoma. Ukayageuza yale meno kwenye mwanga, unayatazama. Nikakuita mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikakuambia mbele ya watu kwamba hapa si mahali pa kupigia soga. Ukainuka, lakini meno ya bibi ulikuwa umeyaweka mfukoni, na wiki hiyo hiyo ukaniomba ruhusa ya kuyapeleka Mwanza kwa Mama Suzana.

Aliniambia Mama Suzana kwamba ulikaa kwenye kigoda chake kutwa nzima ukiangalia nta ikipoa. Kwamba plasta ikiwa inakauka wasichana wengine wanashika simu, wewe unaiangalia. Uliporudi, bibi akayavaa, akatafuna karanga palepale chumbani kwangu, zikamwangukia kwenye kanga kwa sababu alikuwa anacheka huku anatafuna. Wewe ulisimama mlangoni na trei ya vifaa. Nilikuona uso. Uso ule sikuwa nimeuona tangu tulipomzika mama yako, na nilifanya nini? Nikasema, "Haya, anayefuata."

Nimekuwa kwenye kazi za meno maisha yangu yote, na kama kuna kitu ningekuambia ambacho chuoni hawatakuambia, ni hiki: kila kazi ya meno ina saa yake, na saa hiyo ina mwenyewe. Kwenye kiti changu mwenye saa ni maumivu ya mgonjwa na watu walioko kwenye benchi. Wao ndio wanaokuambia harakisha. Anayetibu mizizi ya jino hukaa na jino moja hata nusu ya siku, saa yake ni ule uwazi mwembamba wa ndani ya mzizi, usiotaka papara. Anayetibu watoto saa yake anayo mtoto, na mtoto akikataa kufungua mdomo, hata uwe na mkono mwepesi kama wangu, utangoja. Yule anayekwenda mashuleni kufundisha kupiga mswaki, saa yake ni kengele. Na fundi wa meno bandia saa yake ni nta na plasta, ambavyo havijali umeamkaje wala bosi wako ni nani. Nta ikiwa haijapoa, haijapoa.

Watu huchagua kwa kuangalia cheo, mshahara, au nani alikuwa nani kwenye ukoo. Mimi nakuambia uangalie saa. Chagua ile unayoweza kuitii kila siku bila kuanza kuwachukia watu. Maana mtu wa taratibu akiwekwa kwenye benchi la mnada anaweza akajifunza kukimbia, nimewaona, mikono inafika, lakini moyo unabaki nyuma, na baada ya muda anamwona kila mgonjwa kama adui. Wewe ungejifunza, Nyamizi. Una akili na una utii. Ungerudi hapa, ungenipokea kiti, ungefanya kazi nzuri, na kila jioni ungechambua mchele.

Sikusifii maabara uione pepo. Mama Suzana ana kikohozi cha vumbi la plasta, vaa barakoa hata kama wenzako wanakucheka. Madaktari watakupigia simu wakitaka kazi ya kesho iwe imetoka jana, na hapo itabidi uwe mkaidi, jambo ambalo hujalizoea. Mgonjwa atacheka na meno yako mdomoni, atamshukuru daktari, jina lako hatalijua. Utakaa siku nzima na midomo ya watu usiowaona. Mimi ningekufa kwa upweke ndani ya wiki moja. Wewe, nilivyokuona, hapo ndipo unapumua.

Na sasa lile lililonifanya nisipate usingizi tangu Jumatano. Kwa mama yako sikujua alitaka kusema nini. Kwako nilijua. Uliposema "naona nichukue" ukatulia, niliona neno linalokuja, nililiona kabisa, nikawahi kuweka langu mbele yake. Haikuwa haraka yangu ya kawaida. Ilikuwa hofu. Nilikuwa naiona nyumba hii bila wewe, ile meza, ile redio ninayoiwasha asubuhi ili kuwe na mtu anaongea. Nikakukata maneno kama mtu anayefunga mlango ili mgeni asitoke. Nawe ukaniachia, kwa sababu unanipenda, ukaenda kuosha vyombo.

Najua ukisoma hapa utasema moyoni, basi nitachukua utabibu hivyohivyo, Baba asibaki peke yake. Nakujua. Ndiyo maana leo mchana, uliposema unamwona nje ya kliniki yule tabibu Rehema wa Igunga, yule aliyekuwa ananiomba nafasi tangu mwaka jana, sikukuambia alikuja kufanya nini. Nilimwita mwenyewe. Tumekubaliana. Anaanza Jumatatu, na kiti kitakuwa chake nitakapochoka. Ni binti mwenye kasi, anazungumza huku anatembea, nadhani tutagombana sana na tutaelewana. Mchora mabango nimemwambia asije.

Kwa hiyo kiti hakipo tena, mwanangu. Nimekigawa makusudi, kabla hujapata nafasi ya kunionea huruma. Ukirudi Tabora, uje likizo, uje kunisalimia, uje na mume siku moja ukitaka, uje ulale mpaka saa nne. Usije kwa ajili ya kazi yangu.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa. Kesho nikitoka stesheni nitapitia kwa shangazi yako, nitakaa mpaka anifukuze, kisha nitarudi hapa. Nitapika chakula kingi mno kwa siku kadhaa kwa sababu mkono haujazoea kupima cha mtu mmoja. Itauma. Nimewaambia watu wengi kwenye kiti kwamba itauma kidogo tu, na nilikuwa najua nawadanganya. Wewe sikudanganyi. Lakini ni maumivu yangu, na nimeyachagua nikiwa na akili timamu, tofauti na yale ya Jumapili niliyokutwisha wewe.

Huenda pia nimekosea tena. Huenda ulitaka kusema neno la tatu ambalo mimi na Mama Suzana hatulijui, na hapa nimekumalizia sentensi kwa karatasi nzima. Kama ni hivyo, chana barua hii, useme lako.

Ukifika Dar na ukishapumzika, usinitumie ujumbe. Nipigie, uniambie umechukua nini. Anza pale ulipoishia Jumapili. Ukitulia katikati, tulia kadiri unavyotaka, mimi nitakuwa nimeshika simu na sitasema kitu. Nyumba itakuwa kimya na sitakuwa na pa kwenda.

Baba yako,
Mihayo